Perege wa Kuazima

Mwalimu alikuwa na kasoro moja: mtu wa ofisi akimuuliza jambo, humjibu kabla swali halijafika mwisho. Ndiyo maana asubuhi ile, yule dada wa kampuni ya bima alipomuuliza kwenye simu, "Na hapo nyumbani mna bwawa la...", yeye alidakia, "La samaki!"

Upande wa pili kikasikika kiti kikisogezwa.

"Samaki?"

"Samaki, ndiyo. Tunafuga."

"Hongereni," dada akasema, na vidole vyake vikasikika vikigonga kompyuta. "Basi naandika bwawa la samaki. Mkaguzi wetu atapita wiki ijayo kuangalia mazingira ya watoto. Utampenda, maana samaki ndio ugonjwa wake."

Mwalimu alikata simu, akajitupa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa kiti cha mtoto mdogo, kwa hiyo magoti yakamfika kidevuni, na hapo akabaki, ameshika simu kama mtu aliyeshika kikombe cha moto asijue pa kukiweka. Nje ya dirisha la jikoni mama mkwe wake alikuwa anaogelea taratibu, kofia yake ya mpira ya rangi ya chungwa ikipanda na kushuka, kwenye bwawa ambalo tangu lichimbwe halijawahi kuona hata dagaa.

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, ingawa kufundisha shule alishaacha. Siku hizi alilea watoto wadogo mchana, wazazi wao wakiwa kazini. Sebule ya mama mkwe ilikuwa imegeuzwa: makochi yamesukumwa ukutani, magodoro madogo yamepangwa chini ya dirisha, na kando ya mlango kuna kabati la viatu lenye picha za wanyama, ili kila mtoto ajue viatu vyake vinalala kwa twiga au kwa kobe. Mumewe alikuwa mjenzi wa barabara, na barabara zenyewe zote zilikuwa mbali. Alirudi likizo, akala, akalala, akaondoka. Nyumba ilikuwa ya mama yake. Bwawa lilichimbwa na marehemu baba mkwe, mzee aliyeota kufungua hoteli, akaanza na bwawa, na hoteli yenyewe ikaishia hapo.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Magoti yake yalikuwa yamechoka na ngazi za hospitali, na daktari alimwambia aogelee. Aliogelea asubuhi watoto hawajaja, na tena adhuhuri watoto wakilala. Kati ya uwanja wa kuchezea na bwawa palikuwa na ua wa michongoma na mlango wa bati uliofungwa kwa waya, na Mwalimu aliukagua waya huo kila alipopita, hata akiwa amebeba sufuria mikono miwili.

Sasa serikali ya mji ilikuwa imetoa agizo: kila anayelea watoto nyumbani awe na bima, ili mtoto akiumia pawe na wa kubeba gharama. Bila bima, kibali hakuna. Mwenzake Mwalimu, mama mmoja wa ng'ambo ya soko ambaye naye alikuwa na bwawa, aliomba bima akakataliwa. Alivyosimulia yeye, walimtazama kama aliyekwenda kuomba bima ya kufuga simba. Tangu siku hiyo Mwalimu alikuwa halali vizuri. Alimwomba mama mkwe walifukie bwawa, wapande mboga.

"Nifukieni mimi kwanza," mama mkwe alijibu, akaenda zake kuanika taulo.

Basi ndivyo samaki walivyopatikana.

"Shemeji, tulia," alisema mdogo wa mumewe alipopigiwa simu. Kazi yake ilikuwa kuuza vyombo vya umeme, na kwa jinsi alivyoongea, ndugu zake walimwita Mheshimiwa, maana hata ukimwomba chumvi mezani hukupa na hotuba. "Wamesema bwawa la samaki? Basi bwawa tunalo. Kinachopungua ni samaki. Kuna rafiki yangu anafuga perege. Tunaazima, mkaguzi anaona, tunarudisha. Kuna ubaya gani?"

"Samaki wanaazimwa?"

"Shemeji, watu wanaazima suti za harusi!"

Siku chache baadaye alikuja na gari la mizigo lenye mapipa. Kabla ya hapo walikuwa wamebadilisha maji, maana yale ya dawa yangewaua samaki mara moja, na maji mapya bila dawa hayakuchelewa kugeuka rangi ya majani yaliyopondwa. Perege walimwagwa humo, wakazunguka, wakapotelea gizani. Mheshimiwa akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kujenga daraja.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na taulo begani. Alisikiliza mpango wote tangu mwanzo. Akacheka, akacheka tena, halafu uso wake ukabadilika.

"Mke wa mwanangu," alisema, "mtoto akitumbukia humo, utamwambia mama yake katumbukia kwenye samaki?"

"Hakuna mtoto anayefika huku, Mama. Si unaona mlango?"

"Naona waya."

Mwalimu aliukaza ule waya. Alijisemea moyoni kwamba ni siku moja tu, mkaguzi aje, aone, aende. Alimwomba mama mkwe siku hiyo ashinde kwa rafiki yake, nesi mwenzake wa zamani, na teksi ataitiwa. Mama mkwe alikubali upesi, bila hata kuuliza chakula cha mchana kitakuwa nini. Mwalimu angekuwa na akili zake zote, angeshtuka.

Siku ya ukaguzi ilianza vizuri mno. Teksi ilikuja, mama mkwe akapanda na mkoba wake mkubwa, akapunga mkono. Mkaguzi alifika watoto wakiwa wamelala. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye mvi na kalamu nyingi mfukoni mwa shati, mpole, wa kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikagua soketi za umeme, zote zimezibwa. Alijaribu kabati la dawa, limefungwa. Alipiga magoti akatazama sebule kwa urefu wa mtoto, akaona pembe za meza zimevishwa sponji, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unajua kazi yako," alimwambia Mwalimu kwa sauti ya chini, asiwaamshe watoto.

Mwalimu alisikia furaha na aibu zikipigana kifuani.

"Sasa," mkaguzi akasema, na macho yake yakawaka, "nionyesheni samaki."

Mheshimiwa alikuwa tayari, amevaa mabuti ya mpira aliyoyanunua kwa ajili ya shughuli hiyo, yana lebo bado. Alifungua waya, akawatangulia hadi ukingoni.

Mkaguzi alisimama, akatazama vigae vya buluu, akatazama ngazi ya chuma iliyoshuka majini.

"Mmejenga vizuri. Hii ngazi ni ya nini?"

"Ya mfugaji," Mheshimiwa akasema. "Kushuka kuwajulia hali."

"Na ubao huu unaoning'inia juu ya maji?"

"Wa kulishia. Ukisimama pale mwisho, chakula kinafika kati."

Mkaguzi aliinama, akafuta vumbi kwenye tarakimu zilizochorwa ukingoni kuonyesha kina cha maji. "Na hizi?"

Hapo hata Mheshimiwa alimeza mate. "Hizo... ni ili samaki wadogo wasiende upande wa kina kirefu."

"Wanasoma?"

"Wanazoea."

Mwalimu alitamani kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Mkaguzi hakucheka, alichuchumaa ameshika goti, akaanza kuuliza mambo ya ndani. Perege ni wa aina gani? Wanalishwa nini? Dume na jike wametengwa? Mheshimiwa alijibu kwa ufasaha mkubwa na bila kujua chochote. Alisema mbegu yao ni bora kwa sababu ina jike na dume, na mkaguzi akamwambia kwa upole kwamba samaki wote wako hivyo.

Wakati huo, upande wa kina kirefu, chini ya kivuli cha ubao, mapovu yakaanza kupanda. Yalikuwa mapovu makubwa, yenye afya.

"Ebo!" mkaguzi akasema, akasimama. "Mna na kambare humu?"

"Mmoja," Mheshimiwa akasema, jasho likimtiririka. "Ndiye mkubwa wao."

Maji yakafumuka. Kofia ya rangi ya chungwa ikachomoza, imevikwa kilemba cha mwani wa kijani, na chini yake uso wa mama mkwe, umetulia kama wa mtu anayeamka usingizini kwake. Perege mmoja aliruka pembeni yake akazama.

Kisha mkaguzi, ambaye alilelewa vizuri, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipe mkono nitoke. Magoti haya."

Akampa mkono. Mama mkwe alipanda ngazi ya mfugaji, akatoa jani nyuma ya sikio, akachukua taulo lake lililokuwa limefichwa nyuma ya michongoma. Mheshimiwa akaanza, "Kwa kweli huyu ni mtaalamu wetu wa..." na mama yake akamtazama mara moja tu. Sentensi ikafia hapo, yeye akayatazama mabuti yake.

Mwalimu alisikia masikio yanawaka. Angeweza kukimbilia ndani kujifanya mtoto analia. Lakini watoto wale wasaliti walikuwa wamelala fofofo, hata mmoja hakumwokoa.

"Ni bwawa la kuogelea," alisema hatimaye. "Nilidanganya. Yule dada hakuwa amemaliza kuuliza, na mimi nilikuwa nimeshaogopa."

Mkaguzi alikaa kwenye ubao wa kulishia. Alionekana kuumia zaidi kwa ajili ya samaki kuliko kwa ajili ya bima.

"Mwalimu, ngoja nikueleze. Tuseme ningeamini, nikaandika samaki, ukapata hati yako ukaitundika ukutani. Halafu siku moja, Mungu apishe mbali, mtoto anaingia humu. Kampuni ingekuja kutazama. Ingesema, sisi tulikubali bwawa la samaki, hili la kuogelea hatulijui. Usingepata kitu, na mama wa mtoto asingepata kitu. Ungekuwa na karatasi tu ukutani."

"Na ningesema ukweli mngenikubali?"

"Kwa masharti. Wako tunaowakubali."

"Lakini mwenzangu wa ng'ambo ya soko mlimkataa!"

"Mwenzako bwawa lake halina hata kamba pembeni. Na alituambia watoto wake ni watiifu." Mkaguzi akahesabu kwa vidole. "Uzio pande zote, usiopandika. Lango linalojifunga lenyewe, komeo lake juu, mtoto asilifikie. Boya la kumrushia mtu. Na mtu mzima anayejua kuogelea awepo hapa muda wote watoto wapo."

"Huyo yupo," mama mkwe akasema, akijifuta. "Unamwona."

Mkaguzi alikohoa. "Mama, samahani sana. Kwenye sharti hilo kuna kikomo cha umri."

"Kikomo cha nini?"

"Cha umri, mama."

Mama mkwe aligeuka polepole akayatazama maji aliyotoka kukaa chini yake pumzi nzima, kisha akamtazama yule mwanamume aliyeshindwa hata kuchuchumaa bila kushika goti. Alivaa kandambili akaingia ndani, na mlango wa jikoni ukasema kwa niaba yake.

Waliobaki wote wakamgeukia Mwalimu.

"Mimi?" Mwalimu akasema. "Mimi naoga kwa ndoo!"

Kuwatoa perege ilikuwa kazi kuliko kuwaingiza. Mheshimiwa alikuja na chandarua, kikachanika. Akaja na pazia, likawa zito likataka kwenda naye. Mwisho walikausha bwawa, wakawaokota samaki mmoja mmoja kwenye tope, na mwenye samaki alisimama ukingoni akiguna kila mmoja alipopita. Hakumsalimia tena Mheshimiwa kwa muda mrefu. Bwawa likasuguliwa, maji safi yakajazwa, na dawa ikarudi mahali pake.

Mafundi wakaja kuweka uzio wa vyuma vilivyosimama wima, visivyo na pa kukanyaga. Mwalimu aliwasimamia kama anayesimamia mtihani. Kati ya watoto wake alikuwamo binti mmoja mdogo ambaye wenzake walimwita Ufunguo, kwa kuwa hakukuwa na mlango, pipa wala mkoba uliomshinda. Kila fundi alipodhani amemaliza lango, Mwalimu alimleta Ufunguo, amemshika mkono, na kumwambia ajaribu. Mara ya kwanza alilifungua kwa fimbo. Fundi akapandisha komeo. Mara ya pili alileta ndoo, akaigeuza, akapanda. Fundi akapandisha tena, huku akisema maneno ambayo Mwalimu alimwomba asiyaseme mbele ya watoto. Siku Ufunguo aliposhindwa kabisa, akakaa chini, akalitazama lango kwa hasira, fundi alifurahi kama aliyepata mtoto.

Lakini sharti la mwisho halikuwa na fundi. Mwalimu alimkuta mama mkwe sebuleni jioni, watoto wameshachukuliwa, anakunja nepi safi bila kumtazama. Tangu siku ya mkaguzi walikuwa wakizungumza kwa mafungu: chai iko tayari, mlango ufunge, simu inaita.

"Mama, nifundishe."

"Nina kikomo cha umri."

"Mama."

Mama mkwe alikunja nepi nyingine, akailaza juu ya zile zilizokwisha kukunjwa, akaipapasa.

"Unajua kwa nini nilirudi siku ile? Nilimwambia dereva anishushe kwenye kona, nikapita uani. Ulidhani nataka kukuaibisha?"

Mwalimu aliziinamia nepi, kwa sababu ndivyo alivyodhani.

"Kukuaibisha nilitaka kidogo," mama mkwe akakiri. "Sura ya mdogo wa mumeo na yale mabuti, nisingeikosa kwa lolote. Lakini mimi nimepokea watoto maisha yangu yote. Mikono hii ndiyo huwa ya kwanza kuwashika. Sitaki siku moja, hapa nyumbani kwangu, iwe ya mwisho kumshika mmoja wao. Kalete nguo ya kuogelea."

"Sina."

"Vaa yangu ya zamani."

Nguo ya zamani ilikuwa ya maua makubwa na ilimpwaya Mwalimu kila mahali palipopaswa kubana. Alishuka ngazi, maji yakamfika kiunoni, akashika chuma kwa mikono yote miwili kama abiria wa basi bovu. Mama mkwe alikaa ukingoni na mpini wa ufagio.

"Achia."

"Naachia."

"Umeshika."

"Naachia sasa hivi, Mama, kwani tunakimbilia wapi?"

Mpini ukagonga vidole vyake, si kwa nguvu, ila kwa uhakika. Akaachia, akazama, akainuka anatapatapa, maji puani, na kumbe alikuwa anaweza kusimama.

"Vizuri," mama mkwe akasema. "Umeshajua kwamba hukufa. Tena."

Kila jioni ikawa hivyo. Mwalimu alijifunza kupuliza mapovu, jambo alilowafundisha watoto kwenye beseni bila kujua lina maana gani. Alijifunza kulala chali huku mkono wa mama mkwe uko chini ya mgongo wake, na siku moja alipouliza, "Mama, bado umenishika?" sauti ilimjibu kutoka jikoni, "Nimekuja kuzima jiko!" Alizama kwa mshtuko, lakini alishaelea. Baada ya hapo uoga ulianza kumtoka kidogokidogo, jinsi mafua yanavyomtoka mtu bila yeye kuona. Akaogelea upana wa bwawa. Kisha urefu, kwa mtindo ambao mama mkwe alisema hajawahi kuuona kwa binadamu wala kwa mnyama, ila unafika.

Maombi yakapelekwa upya. Safari hii kila kitu kiliandikwa kwa jina lake, hadi ubao wa kurukia, ambao Mheshimiwa aliagizwa kuung'oa kwa mikono yake mwenyewe.

Mkaguzi alirudi asubuhi, watoto wakiwa macho na wamejipanga nje ya uzio, nyuso zimebanwa kati ya vyuma. Alipima urefu wa uzio. Alilifungua lango, akaliachia, likajifunga lenyewe kwa mlio mzuri. Alifanya hivyo tena, pengine kwa kuwa aliupenda ule mlio. Kisha akachukua mwanasesere mkubwa wa watoto, akaingia naye ndani ya uzio, akamtupa katikati ya maji.

"Na nguo zako hizohizo, Mwalimu. Mtoto akianguka hutapata nafasi ya kubadilisha."

Mwalimu aliingia na gauni lake la kazi. Gauni likajaa hewa likapanda hadi makwapani, akalipiga likashuka. Mbele yake mwanasesere alikuwa ameanza kuzama, macho wazi, na ghafla ule mchezo haukuwa mchezo tena. Hakufikiri mtindo. Alipiga miguu kama alivyofundishwa, akamfikia, akamgeuza uso juu, akamkumbatia kwa mkono mmoja, akaanza kurudi.

"Mwalimu! Mwalimu!" watoto walipiga kelele, wengine wakilia kwa ajili ya mwanasesere.

Mkaguzi alikuwa amesimama kando ya lango, ameinama mbele, naye anapiga miguu yake chini bila kujijua. Chini yake akasikia sauti ndogo, ya adabu kabisa.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, macho yako majini.

"Babu, naomba nifungulie."

Na mkaguzi wa bima, mtu mwenye miaka mingi kazini na kalamu nyingi mfukoni, akanyoosha mkono juu, akainua komeo, akafungua lango. Ufunguo akapita chini ya kwapa lake, amesema na asante.

Hakufika mbali. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake kumtazama mwanafunzi wake, alinyoosha mpini wa ufagio mbele ya njia kama kizuizi cha barabarani, akamdaka binti kwa mkono mwingine, akamweka pajani. Kisha akamtazama mkaguzi kwa utamu wote alionao.

"Mwenzangu," alisema, "kwenye kazi yenu kuna kikomo cha umri?"

Mkaguzi alisimama na komeo mkononi. Uso wake ulipita rangi kadhaa. Mwalimu alifika ukingoni, akamweka mwanasesere juu, akashika ngazi anahema, na alipoelewa kilichotokea alianza kucheka, akacheka hadi akameza maji, ikabidi mama mkwe amgonge mgongoni.

"Nimefungua mimi," mkaguzi akasema, kama asiyeamini. "Mimi mwenyewe."

"Ameomba vizuri," Mwalimu akamtetea. "Ndicho kinachotushinda sote."

Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaandika kwa muda mrefu. Hati ya bima ilipotoka, kulikuwa na sharti ambalo, kwa maneno ya yule dada wa simu, hajawahi kuliona kwenye hati nyingine yoyote: kwamba lango la bwawa lisifunguliwe na mtu mzima yeyote kwa ombi la mtoto, hata likiwa la heshima, na kwamba mgeni yeyote wa nyumba hiyo aelezwe hivyo mlangoni kabla hajavua viatu. Dada alisema ofisini wanamuuliza mkaguzi sababu, naye hasemi.

Mwalimu aliwasomea wazazi hati yote, pamoja na ile habari ya samaki, kwa kuwa aliona wana haki ya kuijua. Baadhi walinuna. Mmoja alimhamisha mtoto wake, na Mwalimu alimfungia mtoto yule mkoba wake na picha ya twiga aliyoizoea, akasimama mlangoni hadi gari likapotea, na mchana ule hakuwa na hamu ya kula. Wengine walibaki. Mama yake Ufunguo alicheka sana, halafu akauliza fundi wa lango anapatikana wapi, maana nyumbani kwake jokofu halifungiki.

Wiki chache baadaye yule mama wa ng'ambo ya soko alikuja jioni, amebeba mfuko mdogo wa nguo. Alisimama nje ya uzio akiona haya. Alisema ameshajenga ukuta, ameshaweka lango, amebakiza sharti moja tu, na amesikia hapa kuna mtu anafundisha.

"Yupo," Mwalimu akasema.

Mama mkwe aliweka kikombe chake cha chai chini. Alimpima mgeni kuanzia kichwani hadi miguuni, akavuta mpini wa ufagio uliokuwa umeegemea kiti.

"Unaogopa maji?"

"Sana, mama."

"Vizuri. Vua saa, vua hereni. Ngazi ile pale."